I Fupi, I Ndefu

Mwalimu Mushagalusa anaandika kwa kipande cha muhogo mkavu,
chaki ziliisha tangu Jumanne.
Maneno mawili ya Kiingereza, moja chini ya jingine:
liv,
na liiv.
La kwanza ni kukaa. La pili ni kuondoka.
"Semeni."
Tunasema. Watu wazima kumi na mmoja, hapa Katindo,
saa moja ya jioni, taa ya simu ikining'inia msumarini,
na vinywa vyote vinatoa sauti ile ile.

"Hapana. I fupi, kama umechomwa sindano.
I ndefu, kama unavuta kamba ya mbuzi asiyetaka."
Kavugho, muuza makala wa Birere, anacheka hadi anakohoa.
Anajaribu: anakaa alipotaka kuondoka.
Anajaribu tena: ameondoka.

Mimi sicheki sana.
Wiki jana niliketi mbele ya meza ya shirika,
shati la kuazima, viatu nimevipangusa vumbi jeusi mara mbili getini.
Nikaulizwa nina mpango gani na maisha.
Nikajibu bila kusita: nataka kukaa hapa Goma.
Yule mama akainua miwani.
"Uende wapi?"
Nikadhani hakusikia. Nikapaza sauti,
nikaivuta ile i, nikamvuta mbuzi mzima:
nataka sana kuondoka, mama, mimi na wanangu wote.
Akaandika kitu.
Hawajanipigia.

Mwaka ule mlima ulipofunguka
mama yangu alibeba godoro kichwani hadi Gisenyi,
siku ya nne akalirudisha.
Nyumba haikuwepo. Palikuwa na jiwe jeusi, bado vuguvugu,
akalitandika godoro juu yake
akasema: tunakaa.
Lilinuka moshi mpaka nilipooa.

"Lakini mwalimu," Kavugho ananyoosha mkono wenye masizi,
"sisi nasi tuna yetu.
Kaa kitako, na kaa la moto.
Mgeni atayatenganishaje?"

Mwalimu anageukia dirishani.
Leo hakuna mawingu, kilele ni chekundu.
"Akikuuliza unakaa wapi," anasema,
"mwonyeshe pale."

Kisha anafuta ubao kwa kiwiko,
anatia chaki mdomoni, anaitafuna polepole.
"Kesho kondoo na meli.
Hao angalau hawalali nyumba moja."