Ukuta wa Diski

Luku imebaki uniti tatu nukta mbili.
Nafungua diski: chumba kimoja kirefu
kama korido ya nyumba ya Bi Msafiri, hapa Tandika,
naanza kusogeza ukuta
na mwenyewe kalala humohumo.

Windows abaki mbele, na hesabu za duka la Mzee Lyatuu:
saruji, misumari, madeni ya tangu mfungo.
Linux nampa uani, gigabaiti mia na ishirini.

Nakala sijaweka. Najua. Usiniambie.

Mstari unatambaa, asilimia arobaini, feni inahema,
na jirani anapiga pasi.
Pasi! Kwenye mita hiihii!
Nagonga ukuta, ule wa matofali:
"Mama Shukuru, zima, nakuomba."

Kabla hakujakucha wako wawili.
Nikiwasha, mashine inauliza aamke nani,
inahesabu sekunde kumi kama refa wa ngumi.
Hawajuani. Ila wana saa moja ya ukutani, wanaigombania:
Linux akishairekebisha, Windows anaamka
akiapa kwamba ni saa nane za usiku,
na huko nje adhana ya alfajiri
imeshafika katikati.