Naomba Urudie

Jumamosi, Sinza, ukumbi wa ghorofa ya pili,
mimi ndiye Emsii Radi.
Nikiigusa maiki wajomba wanasahau soda,
wapambe wanaacha kusengenya,
nami nawamwagia bila karatasi:
"Bi harusi kaingia, mashangazi simameni,
sare hamjalipia, mwenye duka mlangoni!"
Wanacheka mpaka vilemba vinalegea.

Jumanne, saa moja asubuhi, chumba cha semina Mlimani,
feni ya juu inazunguka kama inayodaiwa,
radi haipigi.
Mwalimu Tusekile anasema kwa Kiingereza chake cha taratibu:
jitambulishe, eleza unakotoka, dakika mbili.
Nakumbuka jina langu. Nakumbuka Mahenge.
Kati ya Mahenge na mimi kuna kitenzi,
na kitenzi kimevaa wakati nisioujua.
Nasimama pale, mdomo umejaa viti vya kukodi
na hakuna mgeni hata mmoja aliyefika.

Daraja la kati, ndivyo walivyonipima.
Si mjinga wa lugha, si mjuzi.
Ukurasa mzima nausoma, nauelewa;
nikiulizwa umesema nini, najibu "yesi".
Yesi yangu imeshakubali mengi:
kwamba nimeelewa, kwamba sina swali,
kwamba kazi ya kikundi niiandike peke yangu.

Leokadia anakaa kushoto kwangu.
Kiingereza alianza kukivaa pamoja na soksi za chekechea;
husema "akchuali" kama mtu anayefukuza nzi.
Nikiwa karibu naye hukohoa, na wala sina kikohozi.

Wiki ya nne Mwalimu Tusekile hakuja na vitenzi.
Alikuja na sentensi moja, akaiandika ubaoni,
akatuambia tuitafune hadi ilainike:
ile ya kumwomba mtu arudie alichosema.
Nikaenda nayo hosteli, Mabibo. Nikaisemea bafuni,
nikaisemea pasi, nikamsemea Nsajigwa, mwenzangu wa chumba,
naye, muungwana, akarudia:
"Nimesema zima taa."

Alhamisi, takwimu.
Ukumbi wa watu mia mbili. Dokta anaandika kwa mkono huu,
anafuta kwa ule,
na Kiingereza chake kinakuja kama maji ya bomba
yaliyokatika siku tatu:
kwanza kelele, kisha hewa, halafu yote kwa mpigo.
Akauliza kama kuna swali.
Kimya. Watu mia mbili wameinamia daftari
kama wanaotafuta sarafu iliyodondoka.

Mkono wangu ukaenda juu. Sikuutuma.
Nikavuta pumzi ile ya Sinza, ile ya kabla ya kuita keki,
na sentensi ikatoka,
mguu mmoja umepinda, "plizi" imekaa pasipo pake,
lakini ilitembea.

Dokta akageuka. Akavua miwani.
Nikaanza kuhesabu kwa macho viti kati yangu na mlango.
Akarudia.
Polepole. Akachora na picha,
duara, mshale, duara dogo ndani.
Hapo nikasikia kitu ambacho Sinza haijawahi kunipa,
si kigelegele, si meza kupigwa:
kalamu, moja, kumi,
kisha ukumbi mzima ukiandika.

Leokadia akanisogelea, macho yake bado ubaoni,
akaninong'oneza, tena kwa Kiswahili:
"Afadhali. Hata mimi."