Hesabu ya Mtwara

Baba Muksini, kaa, nikupe hesabu.
Usitafute miwani, sina risiti.
Ile pesa ya mnada wa pili uliyonikabidhi
ukasema watoto nao waione likizo,
imeonwa.
Nauli ya Kosta, wakubwa wawili, watoto watatu.
Shadya nilimpakata, nikasema ana miaka minne,
naye akanikana mbele ya konda:
"Mimi nina sita."
Basi, andika watoto wanne.

Mtwara Desemba, joto linakupokea stendi
kabla ya mwenyeji wako.
Getini elfu kumi mtu mzima, saba mtoto.
Nikamwambia binti wa tiketi, mimi siogi,
nimekuja kushika viatu.
Akasema, mama, anayepita hapa analipa,
hata mshika viatu.
Nikalipa elfu kumi, nikashika viatu.

Na bahari ile pale, nyuma ya ukuta, bure,
inaunguruma kutwa nzima bila kudai senti.
Nilimwonyesha Muksini. Akaitazama
kama mtu anayeonyeshwa ugali siku ya pilau.
"Bahari haina ngazi," akasema,
akatimka kuelekea lile bomba la buluu
lililojikunja juu kwa juu kama utumbo wa mbuzi.

Sasa hapa sikia.
Maji yalikuwa yanamwagika.
Si kwamba mtu kasahau koki. Yanamwagwa makusudi.
Kuna uyoga wa saruji unamwaga,
kuna tembo anamwaga kwa mkonga,
na kuna pipa kule juu, linajaa, linajaa,
watoto wamejikunyata chini yake wanahesabu kwa sauti,
kisha linapinduka, pwaaa!
na wanaomwagikiwa ndio wanaoshangilia.

Miguu yangu yenyewe ilitaka kukimbilia beseni.
Pipa lile ni ndoo ishirini. Unalijua jicho langu.
Ndoo ishirini ni alfajiri ishirini
za mama kushuka bondeni na kuupanda mlima wa Newala
shingo imezama mabegani.
Pwaaa, wiki tatu za mama.
Sijameza mate, pwaaa, nyingine tatu.

Kijana wa filimbi akaniona nimekodoa.
"Usihofu, mama, hayapotei.
Chini kuna pampu. Haya haya ndiyo yanarudi juu."
Nikaitikia kwa kichwa.
Kwetu pampu ilikuwa na jina, iliitwa Nambunga,
na utosini ilikuwa na upara wa ngata.

Dada yako Somoe hakuja kushika viatu vya mtu.
Alipanda na kitenge kakifunga kibwebwe,
akateleza vizuri, akakwama kona ya pili.
Watoto wakamjia kwa nyuma, mmoja, wa pili, wa saba,
wakabanana mle kama korosho guniani,
mpaka bomba likawatema wote kwa pamoja,
Somoe mbele, kitenge nyuma, peke yake, taratibu.
Tulicheka hadi yule wa filimbi akaitema filimbi.
Chipsi na soda, elfu kumi na nane. Usigune.
Asnati alikula sahani mbili, na maji yanatia njaa,
hilo hata mimi sikulijua.

Kurudi, wote walilala kabla ya Nanyamba,
vidole vimekunjamana kama vya vikongwe,
vichwa vinanuka dawa.
Nguo zao nimezikamua kwenye beseni hapo uani.
Yamepatikana makopo mawili na kitu,
nimeumwagia mpapai.
Ukikauka, nidai mimi.

Najua unajumlisha. Najua umefika mwisho
na kuna elfu mbili haina maelezo.
Sikuidondosha, na Somoe hajaikopa.
Nilimpa binti mmoja wa kiti cha jirani
anishikie viatu
kwa muda wa pipa moja kujaa.