Kipengele cha Saba

Gwilym Pritchard alisimama:
"Mkandarasi huyu ni shemeji yangu."
Katibu Eluned akaandika saa,
naye akatoka bila kuambiwa, kofia mkononi.

Tukabaki madiwani sita na kidaraja kilichooza.
Zabuni tatu. Ya shemeji ndiyo nafuu,
na bonde zima la Cwm Hesgen linajua
nyundo yake haikosei msumari.

Nje mvua. Tulimsikia akikohoa upenuni,
karibu mno na dirisha.
Hakuna aliyelifunga.

Mikono minne ikampa mwingine,
wa bei ya juu,
ili tusisemwe.

Gwilym akarudi akichuruzika, akauliza tumefika wapi.
"Kipengele cha nane," Eluned akajibu. "Makaburi."

Kanuni haikuvunjwa. Muhtasari ni safi.
Ila kila nikivuka kile kidaraja
nauhesabu mkono wangu:
wa nne.