Mkono wa Kushoto

Greda la Réjean nimelisikia kabla sijaliona,
linaguna kwenye mteremko wa kanisa,
likisukuma theluji ya usiku mpaka uzio wa makaburi ya masista.
Jumapili, saa mbili kasorobo,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Padre yuko Matane, au njiani kutoka Matane;
ana parokia kumi na moja na kikohozi kisichopona.
Zamu yetu ni Jumapili ya tatu.

Nilipoingia utawani, mwaka hamsini na sita,
tulikuwa mia moja na arobaini,
tukila kwa kengele, tukilala kwa kengele.
Baba alinileta kwa sleji ya kubebea chewa.
Akasema: Aldéa, ukichoka, farasi anaijua njia.
Sikuchoka.
Farasi alikufa mwaka uliofuata.

Leo tumebaki wanne,
na mmoja wetu huniita kwa jina la mama yake.
Nyumba imeuzwa. Katika chumba cha manovisi
anaishi kijana mwenye mbwa na seti ya ngoma.
Watu huniuliza, kwa sauti ya msibani: Sista, inauma?
Inauma, ndiyo, goti la kulia, nikipanda ngazi.
Hayo mengine nayataja katika Masifu ya Jioni,
moja moja, kisha nalala.

Nilidhani mlei ni mtu wa kupiga magoti,
kutoa zaka, na kutuletea pai mwezi Agosti.
Sasa Ghislaine wa duka la dawa ndiye anayetuzikia wafu.
Novemba alimzika Sista Laurette wetu,
akasoma Zaburi kwa sauti ileile ya dirishani:
kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula.
Nilikereka.
Halafu nikageuka, nikaona hakuna aliyesinzia.

Waliponiomba niwafunze kusoma masomo
nilikataa;
waliporudi nikaugua kwa makusudi;
mara ya tatu nikaenda, na fimbo yangu,
na orodha ya makosa niliyoiandaa kabla hawajafungua kinywa.
Réjean alikuwa mbaya kuliko wote.
Anameza mwisho wa maneno kama anavyomeza kahawa,
moto, amesimama, injini inangoja.

Lakini Réjean namjua toka mwaka sitini na nne.
Darasa la pili, dawati la karibu na jiko la kuni,
kalamu katika mkono wa kushoto.
Mkono wa shetani, niliuita.
Niliuita mimi, shela nyeupe, miaka ishirini na saba,
nadhiri bado mbichi mdomoni.
Rula ilikuwa ya mbao, ina ukingo wa chuma.
Kufikia Pasaka aliandika kwa kulia,
herufi zake zikilala upande
kama uzio uliolemewa na theluji.

Toka Majilio ndiye anayenikomunisha.
Anavua glavu, maji yanatiririka sakafuni,
anafungua kile kisanduku cha fedha
na kuushika Mwili kwa kulia,
kwa adabu, kwa vidole vinavyotetemeka.
Nimetazama vidole hivyo Jumapili sita.
Ya saba, yaani wiki iliyopita, nikasema:
Réjean, tumia ule mwingine.
Alinitazama muda mrefu. Hakujibu.
Nikafikiri nimekosea tena,
kwamba hata kuomba radhi
nimekufanya kuwa amri.

Leo anavua glavu moja tu.
Ya kushoto.
Mkono mkubwa, una kovu la mnyororo,
kucha zina grisi isiyotoka kwa sabuni.
Mwili wa Kristo, anasema,
na hamezi hata herufi moja,
na mkono umetulia kama meza.

Amina yangu inachelewa.
Injini inanguruma chini ya dirisha.
Amina, nasema.

Anavaa glavu.
Barabara ya shule bado imefungwa, Sista,
na Maryse ana watoto wa katekisimu saa nne.