Mtu wa Kumi

Kazi yangu, barua ilivyosema,
ni kumsaidia mwalimu.
Mwalimu Tsiala hakuisoma barua.
Alinipa shoka.

Kila mtoto hupanda na gogo moja kwapani,
theluji imemla hadi magotini.
Nalipasua, nalilisha jiko la chuma
lililokaa katikati ya darasa kama mgeni wa heshima:
madawati yote yameligeukia,
ubao umepewa kisogo.
Kisha nachonga penseli.
Kisha nampangusa Vakho kamasi.
Kisha, muda ukibaki, nafundisha Kiingereza:
dirisha, ng'ombe, samahani.

Wanafunzi ni tisa.
Waliobaki wamehamia mjini,
au wamebaki wao, wakahama wazazi.
Baba yake Gvantsa anafungasha kuku kiwandani Polandi.
Mama yake Anzori yuko Italia,
anawaogesha wazee wa watu.

Wiki ya kwanza Anzori alichora mtu mwenye ndevu,
chini yake herufi nne za mviringo.
"Mama," akanisomea.
Nikacheka. Nikaweka kidole kwenye ndevu:
huyu si mama, huyu ni baba.
Akanitazama
unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.
"Mama," akarudia polepole,
akivuta ndevu asizokuwa nazo.
Kisha, "Deda,"
akaonyesha dirisha, barabara,
kona ile basi lilikopotelea.

Ndipo nikaelewa. Huku, mama ni baba.
Neno langu la kwanza duniani
nimelivusha bahari mbili,
nikalikuta limeota ndevu.

Mwezi wa pili akaja mkaguzi, Bwana Ilarioni,
viatu vya lami, kalamu mbili mfukoni.
Kanuni inataka kumi.
Wakipungua, kufuli,
na watoto washuke bondeni kilomita kumi na nne,
asubuhi ambayo hata mbwa wanaikataa.

Mwalimu Tsiala hakusema neno.
Alinivua aproni,
akanivika kofia ya sufu ya mwanawe, hadi kwenye nyusi,
akanikalisha dawati la nyuma,
magoti yakinipigia hodi kidevuni.
Nina miaka ishirini na sita.
Katika bonde zima
hakuna mwingine mwenye uso mweusi kama wangu.

Mkaguzi akahesabu kwa ncha ya kalamu.
Saba. Nane. Tisa.
Akafika kwangu, kalamu ikaning'inia.
Gogo likapasuka jikoni, paa!
Hakukohoa mtu,
hata Vakho na kile kifua chake.

Akaniuliza jambo.
Katika mto wa maneno nilidaka moja tu, mama,
na kwa kuwa hofu haina kamusi
nilimwona mama yangu, yule wangu,
pini tatu mdomoni, cherehani mbele yake,
nikajibu kwa vipande vya lugha nilivyookota:
Anashona. Anashona nguo za maharusi.

Lugha yao, kama yangu, haiulizi mume wala mke.
Yeye ni yeye.
Basi mbele ya serikali nikawa
mtoto wa baba anayeshona mashela.

Gvantsa aliuma mkono wa sweta yake.
Mkaguzi akageukia dirisha, akakaa hivyo,
sijui alikuwa anaipima barabara
au naye alikuwa na baba.
Akarudi. Akaandika.
Moja, na pembeni yake sifuri.

Jioni hiyo Tsiala alinikatia mkate wenye maharage ndani,
akasema kitu kirefu ambacho sikukielewa,
wala hakukirudia.

Kesho yake, kwenye dawati la nyuma,
nilikuta penseli imechongwa,
na daftari lenye jina langu, limekosewa herufi moja.
Nilikuwa nimeshika shoka.
Anzori amesimama mlangoni, theluji mabegani,
amenyoosha mkono kwangu
kama mtoza ushuru:

Na gogo lako je?