Mguu wa Kushoto

Karakana ya Atuganile iko Mafiati, nyuma ya ghala la mbolea,
bati lake limegongwa misumari kwa haraka,
kazi ya mtu aliyeona mvua inashuka Loleza.
Hapo ndipo nililifikisha Chaser langu la mwaka tisini na saba,
linavutwa kwa kamba na pikapu ya viazi.

Injini nzima. Tabo nzima, inapiga mluzi kama siku iliyoshuka melini.
Lakini panda Kawetere, omba gia ya tatu:
mshale wa mizunguko unaruka, gari linabaki palepale,
kelele nyingi, safari hakuna.
Nimewahi kumpigia kura diwani wa namna hiyo.

Mafundi watatu wa Mwanjelwa walinipa jibu moja:
"Toa otomatiki, mzee, tia manuali. Mwanaume haendeshi otomatiki."
Atuganile hakusema hivyo. Alitazama suruali yangu,
mguu wa kushoto ulivyonyooka kama mpini wa jembe,
akauliza tu, "Mlima Nyoka?"
Mlima Nyoka. Lori la saruji. Breki.
Miaka ishirini nilikanyaga klachi kwa mguu huo,
Tunduma hadi bandarini, gia kumi na sita kiganjani,
nikiwacheka wenye magari yanayojifikiria.

Akafungua sampo.
Oili ikatoka nyeusi, inanuka kahawa ya Mbozi iliyosahauliwa kaangoni.
Akaichovya kidole, akakisugua kwa gumba,
akanionyesha unga unaometa:
"Klachi zako hizi. Umezisaga kilima kwa kilima."
Mwenye gari wa kwanza aliongeza upepo wa tabo,
akaongeza kifua, akasahau kiuno.

Sahani mpya zilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
ndani ya boksi la biskuti.
Awali zilikaa sita. Yeye alitaka nane,
akatafuta vyuma vyembamba vya kuzitenganisha,
akapima pengo, akakunja uso, akapima tena.
Usiku tukaziloweka kwenye oili nyekundu
ndani ya sufuria ya mke wangu ya kupikia makande.
(Sikumwuliza. Hilo ni shairi jingine.)

Siku ya tatu, gololi ikapotea.
Gololi saba za chuma, kila moja na kishimo chake
katika lile jumba la vichochoro ambamo oili hupokea amri.
Atuganile akahesabu: sita. Akahesabu kwa Kinyakyusa: sita.
Tukapepeta vumbi kama mchele wa Kyela.
Ndipo Ipyana, mwanawe, akaanza kulia kabla hajaulizwa.
Gololi inayong'aa vile, angeiachaje?
Aliipeleka uwanjani, akacheza, akaliwa.
Tuliikomboa kwa mtoto wa muuza maandazi
kwa gololi tatu za kioo, shilingi mia tano,
na kuapa kwamba hatutamwambia mama yake.

Jumamosi, alfajiri, baridi ya Julai inauma masikio.
Atuganile ameketi kushoto, redio amezima,
kiganja kimelala sakafuni, juu ya giaboksi,
kama mkunga.
Gia ya kwanza. Ya pili.
Ukungu umelalia misonobari.
Nikakandamiza, tabo ikavuta pumzi ndefu,
na ya tatu

ikashika.
Bila kishindo. Kama mlango unaofungwa na mtu
anayejua kuna mtoto amelala.

Hatukusema neno mpaka juu kabisa,
pale barabara inapoanza kushuka kwenda Chunya.
Mimi nilikuwa nautazama mguu wangu wa kushoto:
kila gia ilipobadilika
ulitikisika, kidogo,
ukitafuta pedali isiyokuwepo.

Atuganile aliuona pia.
Akateremsha kioo, nusu tu,
akaendelea kusikiliza.